Mwisho wa Jina

Duka letu lipo Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
kati ya fundi viatu na muuza mkaa.
Ubao unasema TUNATENGENEZA KOMPYUTA, TUNACHAPA BARUA.
Hausemi kwamba Juni ile
nilifuta miaka tisa ya Mwanamkuu Shekalage.

Alikuwa katibu wa chama cha kuzikana.
Majina, ada, nani alileta sanda, nani mchele,
nani anadaiwa elfu mbili tangu msiba wa Mabokweni.
Alitaka mfumo mpya tu, ule wa bure,
ule ambao msimbo wake uko wazi kama uwani.
Nikafungua chombo cha kugawa diski.
Kikachora mstari, buluu huku, kijani kule,
kikaniuliza kwa Kiingereza: una uhakika?
Nilikuwa na njaa.
Nilikuwa na uhakika.

Nimweleze asiyejua:
diski ni nyumba ya Kiswahili,
ukumbi katikati, vyumba huku na huku,
kila chumba na mpangaji wake.
Mlangoni kuna daftari dogo
linalosema cha nani kinaanzia wapi.
Lichane, na wapangaji wamo bado vitandani,
ila hakuna ajuaye abishe hodi wapi.
Kusogeza ukuta ndiyo balaa lenyewe:
unausogeza mtu kalala ndani,
na umeme wa hapa, unaujua,
hauagi.

Mwanamkuu hakulia. Alisema,
"Sasa watu wangu nitawahesabia wapi?"
Akajitanda kanga, akaondoka bila chenji.
Ipo drooni mpaka leo, elfu tatu mia tano.

Siku kumi na nne nilikwangua diski ile
kama mtoto anavyokwangua ukoko.
Kati ya majina mia tatu arobaini
nikapata mia mbili na kumi mazima.
Mengine yalitoka nusu: Mwanaha, Kilo, Sem.
Sem!
Nusu ya Tanga inaanza na Sem.

Ndipo nikaufungua msimbo wa chombo chenyewe.
Sikwenda kwa hasira.
Si kweli, nilikwenda kwa hasira.
Waliouandika ni waungwana, wa miji ya theluji,
waliodhani kila mtu ana diski ya pili ya akiba.
Kwetu hiyo ya pili ndiyo ada ya shule.

Nikaongeza mistari themanini na sita.
Chombo kisiguse kitu kabla hakijanakili daftari la mlangoni,
nakala ndogo kuliko picha moja ya harusi.
Kikisogeza ukuta kiweke alama kila hatua,
umeme ukirudi kijue kilikuwa kimebeba tofali gani.
Na kisiulize tena habari za uhakika,
uhakika ni rahisi, hata mwenye njaa anao.
Kiseme: humu mna mafaili elfu moja na sita,
la mwisho liliguswa jana saa nne usiku,
linaitwa DAFTARI LA MAZISHI.
Liandike jina hilo kwa mkono wako ukitaka kubomoa.

Walibishana nami miezi mitano.
Mmoja akasema ujumbe wangu ni mrefu mno.
Nikamjibu: kwetu hata salamu ni ndefu.
Mwingine akasema nimekosea hesabu,
nimeanza na moja, mashine huanza na sifuri.
Huyo alikuwa na haki. Nikanyamaza, nikarekebisha.
Toleo la Novemba likatoka,
jina langu la kumi na tisa kati ya waliochangia,
limekosewa herufi.

Nikampelekea Mwanamkuu habari, na chenji yake.
Habari hakuielewa, au hakuijali.
Chenji aliikataa.
Akatoa daftari la karatasi, jipya, na kalamu mbili.
"Hao akina Sem," akasema, "wana milango."

Basi Jumamosi tunatembea, yeye mbele.
Nyumba ya nne, mlango wa buluu.
"Hodi."
"Karibu. Nani?"
"Sisi. Tunatafuta mwisho wa jina lako."